Bendera tano kabla ya kusimama dede

Mtoto aliyezaliwa Unguja Novemba 1963 aliishi chini ya bendera tano kabla hajaweza kusimama dede. Alizaliwa ikipepea nyekundu tupu ya Sultani. Tarehe 10 Desemba, Zanzibar ilipopata uhuru kutoka kwa Mwingereza, ikapandishwa nyekundu yenye duara la kijani katikati, na ndani ya duara karafuu mbili za rangi ya dhahabu. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yakaleta bendera ya nyeusi, njano na bluu. Hiyo nayo haikumaliza mwezi. Kabla Januari haijaisha ikawekwa ya bluu, nyeusi na kijani. Kisha tarehe 30 Juni 1964 ikaja hii ya Muungano ambayo mtoto huyo, kama yu hai, ameizeeka nayo.

Kazi yangu ni kuhifadhi vitambaa vya makumbusho, na bendera ni sehemu ya vitambaa hivyo. Wageni wanaposimama mbele ya kabati la kioo, swali la kwanza huwa ni lile lile tulilofundishwa darasa la tatu: rangi hii ina maana gani? Kijani ni ardhi na uoto wake, nyeusi ni watu, bluu ni maji, njano ni madini. Jibu ni sahihi na mwalimu atakupa vema. Ila halikwambii kwa nini rangi ni hizo na si nyingine, wala kwa nini zimelala mshazari badala ya kulala kama mistari ya mkeka. Kwa hiyo mimi huwapa wageni swali jingine: ukiiweka bendera mpya juu ya ile iliyotangulia, kipi kimebaki, kipi kimeondolewa? Waliochora bendera hizi hawakuanza na kitambaa cheupe. Karibu kila mara walikuwa na bendera nyingine mkononi, na mkasi.

Tuanze na ile nyekundu. Ilikuja na utawala wa Oman, na Seyyid Said alipofariki mwaka 1856, kisha Zanzibar na Oman zikatenganishwa rasmi mwaka 1861, pande zote mbili zilibaki nayo. Kwa fundi ilikuwa kazi rahisi kuliko zote: nunua jora la kitambaa chekundu, kata, pinda pindo, tia kamba. Haina nyota, haina maandishi, haina juu wala chini, kwa hiyo huwezi kuipandisha kichwa chini hata ukitaka. Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zilipolipiga mizinga kasri alimojifungia Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultani bila ridhaa yao, vita havikufika hata saa moja, na alama ya kumalizika kwake ilikuwa ni bendera hiyo kuangushwa. Ilipodondoka, mizinga ikanyamaza.

Watu wa Mombasa nao wanaijua, au wazee wao waliijua. Ukanda wa Mwambao ulihesabiwa kuwa mali ya Sultani hata Waingereza walipokuwa wakiutawala, na ushahidi wa macho ulikuwa ni bendera yake nyekundu juu ya Fort Jesus. Iliendelea kupepea pale hadi Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963. Kule Oman kwenyewe nyekundu tupu ilidumu hadi Desemba 1970, Sultan Qaboos alipoongeza nyeupe, kijani, na nembo ya jambia na panga mbili. Mwaka 1995 mistari mitatu ikasawazishwa upana, na nyekundu ikabaki pembeni mwa mlingoti na katikati. Bendera ya Oman ya leo, kwa hiyo, ni binamu wa ile ya karafuu: zote mbili zilianza na kitambaa kimoja, kila moja ikaongezewa chake.

Sasa itazame ile ya karafuu kwa swali letu. Kilichobaki ni nyekundu, kwa sababu Sultani alibaki kuwa mkuu wa nchi. Kilichoongezwa ni zao lililolisha visiwa. Mchoro huo ulikuwa unasema nchi ni mpya ila mwenye nyumba ni yule yule, na nadhani waliouchora walijua wanachokisema. Tarehe 16 Desemba 1963 Zanzibar iliingia Umoja wa Mataifa siku moja na Kenya, ikiwa na bendera hiyo. Siku 33 baada ya kupandishwa kwa mara ya kwanza ikawa haina serikali. Nyekundu ilipoondoka na Sultani haikurudi tena katika bendera yoyote ya visiwa. Katika zile nne zilizoifuata hutaikuta hata kama uzi.

Bara hadithi ni tofauti. Wakati wa Waingereza, Tanganyika ilikuwa na bendera nyekundu ya mtindo wa makoloni, ile ya Uingereza imebanwa pembeni, na upande wa pili kichwa cha twiga. Twiga huyo hakuwahi kuleta ugomvi na mtu, lakini ilipofika tarehe 9 Desemba 1961 hakuna aliyefikiria kumbakisha. Alipata kazi nyingine baadaye; hadi leo ndiye nembo ya shirika letu la ndege. Bendera ya uhuru ilitoka kwenye chama. TANU walikuwa na kijani, nyeusi, kijani, na mtu aliyekuwa amehudhuria mikutano ya Mnazi Mmoja miaka ya hamsini hakuhitaji kuelezwa rangi hizo ni za nani. Kilichoongezwa ni mistari miwili myembamba ya njano kati ya kijani na nyeusi.

Hiyo njano nataka tuikalie kidogo, maana watu wengi wanaipita haraka wakisema "dhahabu" na kwenda zao. Chukua kitambaa cha kijani kilichoiva na cheusi, vishone pamoja, kisha rudi nyuma hatua hamsini. Mpaka kati yake unapotea, na jioni ndiyo kabisa, unaona doa moja la giza linalocheza na upepo. Rangi nzito mbili zikigusana jicho la mbali halizitenganishi. Dawa yake, ambayo wachoraji wa ngao za kale wa Ulaya waliifanya kanuni, ni kuziwekea katikati rangi nyepesi: njano au nyeupe. Kwa hiyo ule ufito wa njano, kabla hujaanza kuhesabu madini, unafanya kazi ya macho. Kenya walifanya hivyo hivyo mwaka 1963. Bendera ya KANU ilikuwa nyeusi, nyekundu na kijani; ya taifa ikapata nyuzi mbili nyeupe katikati, zikaitwa amani, na ngao na mikuki ikawekwa juu yake. Wapo wanaosema ule weupe ulikuwa ni kuwakumbuka KADU waliokuwa upinzani. Vyovyote iwavyo, bila nyeupe hiyo nyeusi na nyekundu zingemezana.

Usiku wa uhuru wa Tanganyika, Luteni Alexander Nyirenda alipanda na bendera hiyo pamoja na mwenge hadi kileleni Kilimanjaro. Hapa naomba radhi kwa walimu wa sanaa: nimeona kwenye ukuta wa shule zaidi ya moja mchoro mzuri wa Nyirenda kileleni, theluji, mwenge unawaka, na mkononi ameshika bendera ya Tanzania yenye bluu. Mwaka 1961 bendera hiyo haikuwapo. Aliyoishika ilikuwa na mistari mitano iliyolala, haina tone la bluu.

Bluu ilitoka Visiwani. Rangi za bendera ya pili ya Mapinduzi, bluu, nyeusi na kijani, zilikuwa za Afro-Shirazi Party. Basi fikiria meza ya mwaka 1964, baada ya nchi mbili kuungana tarehe 26 Aprili. Umewekewa bendera mbili. Moja ina kijani, nyeusi, kijani na nyuzi za njano. Nyingine ina bluu, nyeusi, kijani. Ukizitazama vizuri zina kitu kimoja cha kushangaza: zote zina nyeusi katikati, na zote zina kijani. Ugeni ni bluu kwa watu wa Bara na njano kwa watu wa Visiwani, basi. Ungeweza kuzilaza kama mistari, lakini mistari iliyolala ina aliye juu na aliye chini, na kwa nchi mbili zilizoungana kwa makubaliano, moja kubwa sana na nyingine ndogo sana, nani alale chini?

Suluhisho lilikuwa ni kuutega mstari. Nyeusi ambayo ilikuwa katikati kwa wote wawili ikabaki katikati, ila sasa inapanda kutoka pembe ya chini karibu na mlingoti hadi pembe ya juu upande wa upepo. Njano ikaendelea na kazi yake ya kuipakana. Kijani na bluu zikapata pembetatu zinazolingana. Mimi nimezishika bendera nyingi mikononi na bado naona huu ni mchoro wa busara. Mtu mkali atasema kijani bado ndiyo iliyopewa pembe ya juu karibu na mlingoti, mahali pa heshima kwenye bendera yoyote. Ni kweli. Lakini pembe nne ni lazima ziwe na ya kwanza.

Kuna jambo jingine la mwaka ule ambalo huwa nawatega nalo wanafunzi wa sekondari: kipi kilitangulia, bendera ya Tanzania au jina Tanzania? Wengi hujibu jina. Bendera ni ya tarehe 30 Juni 1964, na wakati huo nchi iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Jina Tanzania ni la tarehe 29 Oktoba. Kwa miezi minne bendera ilikuwa imeshaunganika kuliko jina lenyewe.

Na vyama vilivyotoa rangi hizo? Tarehe 5 Februari 1977 TANU na ASP vilivunjwa vikazaa CCM, ambayo ikachukua kijani na njano yake, jembe na nyundo. Mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi ukarudi. Rangi za vyama viwili visivyokuwapo tena ziko juu ya kila ofisi ya serikali, zikiitwa ardhi, watu na maji, na karibu hakuna anayezihusisha tena na kadi ya uanachama. Rangi zimekwenda mbali kuliko wenyewe.

Mshazari huo una gharama yake, na wanaoijua ni mafundi cherehani. Kitambaa ukikikata kwa kufuata uzi hakivutiki. Ukikikata kwa kuuvunja uzi, kama ule mstari mweusi na nyuzi zake za njano unavyotaka, kinavutika kama mpira, na fundi asiyekuwa mwangalifu anamaliza na mstari uliokunjamana katikati na bendera inayotaka kujiviringisha. Niliwahi kuketi na fundi mmoja mzee akinionyesha: alishona kwanza njano kwenye nyeusi zikiwa mezani zimepigwa pini kila kidole kimoja, ndipo akaleta kijani, ndipo bluu, na kila mshono aliupinda mara mbili ili nyuzi zisionekane upande wowote, kwa kuwa bendera haina nyuma. "Hii ya kulala," akasema akimaanisha ya Tanganyika, "nilikuwa nashona sita kabla ya adhuhuri. Hii nne." Sijui kama alihesabu kweli, ila mkono wake ulikuwa unasema kweli.

Mshazari pia umeleta makosa ambayo nyekundu ya Sultani isingeweza kuyapata. Ukiigeuza bendera ya Tanzania juu chini, ule mstari mweusi unabaki na mwelekeo ule ule, kwa hiyo haionekani haraka kwamba kuna kosa. Kumbuka hivi tu: kijani kinashika mlingoti na kiko juu. Ukiona bluu imeshika kamba, aliyeipandisha alikuwa na haraka.

Majirani zetu wana mifano yao, na michache inafaa kuwekwa kando ya yetu. Uganda walikuwa wameandaa bendera ya kijani, bluu na kijani yenye umbo la korongo wa njano wakati Democratic Party ikiwa madarakani. UPC ikashinda uchaguzi Aprili 1962, na uhuru ulipofika tarehe 9 Oktoba zilipandishwa rangi za UPC, nyeusi, njano, nyekundu, zikirudiwa mara mbili. Bendera ile ya kwanza ilikufa kabla haijazaliwa. Ila korongo alivuka. Burundi nao, ufalme ulipoanguka Novemba 1966, ngoma iliyokuwa katikati ya bendera, ambayo ndiyo ilikuwa alama ya mwami, iling'olewa ukabaki mtama peke yake. Mwaka uliofuata mtama nao ukatoa nafasi kwa nyota tatu.

Kongo ni somo la kumbukumbu. Nyota ya njano kwenye bluu ilikuwa ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji, na bado mwaka 1960 nchi huru iliibakisha ikaongeza nyota ndogo sita kwa ajili ya majimbo sita. Mobutu akaifuta kabisa mwaka 1971: Zaire ikawa kijani, na mkono ulioshika mwenge. Alipoanguka mwaka 1997 nyota zikarudi jinsi zilivyokuwa mwaka 1960. Ya leo, ya mwaka 2006, imebakiwa na nyota moja pembeni na mstari mwekundu wa mshazari wenye pindo la njano. Huwa nafikiria nyota hiyo imeuona utumwa, uhuru, udikteta na vita, na bado iko.

Rwanda walifanya kinyume, kwa makusudi. Bendera yao ya uhuru ilikuwa nyekundu, njano na kijani, na R kubwa nyeusi katikati, kwa kuwa bila hiyo herufi ilikuwa ni bendera ya Guinea. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 rangi hizo zilikuwa zimebeba mambo ambayo maelezo ya shuleni hayawezi kuyafua. Oktoba 2001 wakachukua bendera iliyochorwa na Alphonse Kirimobenecyo: bluu pana juu, njano, kijani, na jua lenye miale 24. Weka mpya juu ya kuukuu: nyekundu na nyeusi zimeondolewa zote. Si mara nyingi unaona mkasi ukipita mahali panapoeleweka namna hiyo.

Mabadiliko yasiyo na uzito wa namna hiyo hayakai. Malawi, Julai 2010, serikali ya Bingu wa Mutharika iliondoa jua lililokuwa linachomoza ikaweka jua zima, kwa hoja kwamba nchi imeshapambazukiwa. Wananchi hawakulipenda. Mei 2012, chini ya Joyce Banda, Bunge likalirudisha lile linalochomoza. Marekani walijifunza mapema zaidi: mwaka 1795, walipopata majimbo mawili mapya, waliongeza nyota mbili na mistari miwili, ikawa 15 na 15. Mtu yeyote anayeshona angewaambia kwamba wakiendelea hivyo watapata shuka la milia. Mwaka 1818 wakairudisha mistari kuwa 13 wakaacha nyota peke yake ziwe zinaongezeka, na ya hamsini ikatiwa tarehe 4 Julai 1960.

Tukirudi nyumbani, Zanzibar ilikaa tangu 1964 bila bendera yake. Tarehe 9 Januari 2005, wakati wa Rais Amani Abeid Karume, ikapandishwa ya sasa: bluu, nyeusi, kijani, ile ile ya miezi michache ya 1964, na pembe ya juu karibu na mlingoti imewekwa bendera ya Muungano. Ukiisoma kwa swali letu ni kama sanduku ndani ya sanduku. Bendera ndogo ya pembeni ilizaliwa kutokana na ile kubwa iliyo chini yake, na sasa imeshonwa juu ya mama yake. Hakuna ufito mwepesi kati ya bluu na nyeusi wala kati ya nyeusi na kijani, kwa hiyo kwa mbali, siku ya mawingu, njano pekee unayoiona ni ile iliyo ndani ya pembe.

Nimalizie na ombi la kikazi. Ile ya karafuu ilipata siku 33 tu, na ile ya nyeusi, njano na bluu nusu ya hapo. Zilizoshonwa haziwezi kuwa nyingi, na baadhi huenda ziko kwenye masanduku ya mbao chini ya vitanda Ng'ambo, Wete, Mombasa au Muscat, watu wakidhani ni khanga mbovu. Ukikuta moja, usiifue. Uchafu ulio kwenye pindo la upande wa mlingoti unatuambia kama ilipandishwa kweli au ilikaa dukani. Usiipige pasi, wala usiikunje palepale ilipokunjwa miaka sitini, kwa sababu uzi wa mkunjo umeshachoka na utakatika. Iviringishe polepole kwenye bomba la karatasi ngumu lililofunikwa shuka safi jeupe la pamba, mbali na gazeti, maana wino unahama. Iweke penye giza na pakavu. Kama bibi alitia karafuu sandukuni kufukuza wadudu, zitoe hata kama harufu inapendeza. Mafuta yake yanatia madoa. Halafu chukua kalamu uandike kwenye karatasi ya pembeni aliyeishona, au aliyekupa, na mlikokuwa mnaitundika.